Vile Tulimupandisha Kufuli Ukurasa wa Kwanza

Kama uko Bukavu na unashuka kutoka Muhumba kwenda pa boti, kabla barabara haijapinda, utaona mbao moja ndefu imelazwa juu ya matofali ya sima. Hiyo njo parlement yetu, bunge ya kahawa. Nyuma yake iko kajumba kangu ka kutengeneza ba radio; mbele yake Maman Marcelline anawekaka mbabula ya makaa na birika ya kahawa ya kisiwa ya Idjwi, na tangawizi ndani ya kukohoza mutu. Miye bananiita Fusible, ile fyuzi ya radio, juu ya vile naungua haraka, na sikatai. Didier, mwenye simu kubwa na miaka mbili ya informatique, masomo ya kompyuta, tunamuita Wiki. Elysée, mwenye kushika kila habari hata ile haijatokea, ni Antenne. Muzee Zagabe ni Mithali: methali anazo nyingi, pa kuziweka njo hajui. Asubuhi ile ya Jumanne mvua ilikuwa imenyesha usiku muzima, udongo mwekundu umejaa barabarani, na hakuna mutu alicheka, juu nafasi ya Kufuli ku mbao ilikuwa wazi.

Kufuli njo gardien, mulinda goli wa zamani wa Radi, timu yetu ya mupira iliyokufaka kitambo. Siku ya Yenga pikipiki ilimugonga akitoka misa, na damu ikabaki ndani ya kichwa. Iko anapumua, lakini hasemi, hafungui macho. Docteur alisema anataka kumupasua Jumanne saa kumi, asipite hapo, lakini kwanza mutu wa familia asainie. Tulijitolea sisi bote. Akatutazama toka kichwa mpaka viatu. «Nataka damu yake,» akasema, «sitaki batu ba kahawa.» Na damu ya Kufuli tulijua moja tu: mutoto mwanamuke, vita ilibatenganisha upande wa Minova akingali mudogo. Kufuli alirudiaka kule kumutafuta, akakuta nyumba haina hata mulango. Tangu pale matumaini yake yote aliwekaka ku internet. «Munitie kule,» alikuwa anamuambia Wiki. «Mutoto yangu alianza masomo. Siku moja atanitafuta.»

Na kweli Wiki alimutia. Alifunguaka wiki ya bapenzi ba Radi, maana yake kitabu ya batu bote ku internet: wewe unaandika, mwingine anasahihisha. Bachezaji bote beko mule, na page ya Kufuli njo ndefu kupita zote. Ubaya ni moja tu. Hakuna mutu alikuwa anaiona.

Miye — Iko ku ukurasa wa ngapi leo?

Wiki — Wa saba.

Miye — Jana si ilikuwa wa sita?

Wiki — Imeshuka.

Maman Marcelline — Ukurasa wa saba ni nini? Munielezee miye mwenye simu ya vibonyezo.

Wiki — Maman, mutu akiandika neno ku Google, majibu yanapangwa sawa foleni ya maji pa robinet. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hao banaonekana. Ukurasa wa saba ni yule amesimama kule nyuma kabisa na bidon yake. Hakuna mutu anajua hata kama alikuja.

Maman Marcelline — Na mbele yetu kuko banani?

Wiki — Kwanza kufuli za mulango, za kuuzisha. Halafu kufuli za pikipiki. Halafu page ya ba Munara.

Pale njo niliungua. Munara ni timu tuliyopigana nayo miaka yote, na bapenzi bao nabo beko na wiki yao. Mule baliandika: «Kufuli, gardien aliyefungwa saba.»

Miye — Hawana haya! Muzee iko amelala na bomba ku mukono, beye bangali banahesabu magoli!

Antenne — Tulia, Fusible. Hao miye nimeshabatengeneza. Jana nilituma ile page yao kwa batu bote mu simu yangu. Niliandika: «Tazameni aibu hii.» Kwaya ya kanisa pa paroisse, ba chauffeur, shemeji zangu bote ba Kadutu. Batu balikasirika, sikuambii! Banafungua, banakasirika, banatumia bengine.

Wiki — Ulituma page yao? Yao?

Antenne — Kabisa.

Wiki akashika kichwa na mikono yote mbili.

Wiki — Antenne, njo wewe umebapandisha! Kila mutu mwenye kuifungua anaiongezea nguvu. Internet haijui kama ulifungua na hasira ao na mapendo. Inaona tu kwamba ulifungua.

Miye — Na wewe mwenyewe, Wiki, unaifunguaka?

Wiki — Naangaliaka tu kama bangali mbele.

Miye — Mara moja moja?

Wiki — Kila nikishika simu.

Mithali — Akufaaye kwa shida njo rafiki.

Miye — Rafiki wapi, Muzee? Hapa ni adui tulisaidia!

Mithali — Njo hiyo nasema. Tulimufaa.

Maman Marcelline akatumwangia kahawa bila kutuuliza sukari. Kufuli alikuwaka anamubebea birika kila jioni mpaka nyumbani, na jana yake alibeba mwenyewe.

Maman Marcelline — Kwa nini musitume mutu Minova?

Miye — Kutafuta nani, Maman? Batu ba kule balihama, bakarudi, bakahama tena. Pengine iko Kampala. Pengine Lubumbashi. Pengine alivuka bahari.

Antenne — Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mithali — Usiniibie kazi.

Wiki — Munisikilize. Usiku sikulala. Nimetengeneza page upya. Mashine ya kutafuta inapenda neno lirudiwe, basi jina yake nimeiweka kila mahali.

Miye — Soma.

Wiki akasafisha koo sawa mutu anaenda kusoma epistola mu misa.

Wiki — «Kufuli ni gardien Kufuli wa Radi. Mikono ya Kufuli ilidaka penalti, na penalti ya Kufuli ikabaki ku mikono ya Kufuli. Kama unamutafuta Kufuli, huyu Kufuli njo Kufuli.»

Mithali — Utuombee.

Maman Marcelline — Mungu wangu. Hiyo ni mutu ao ni litania?

Miye — Wiki, mutoto akisoma hiyo atazania papa yake alipata wazimu!

Wiki — Inatakiwa isomwe na mashine kwanza, kisha na mutoto!

Miye — Na mashine imesemaje?

Wiki — Imetushusha. Nazania imechoka naye.

Kama ingekuwa siku ingine tungecheka mpaka jioni. Siku ile kila mutu alitazama kikombe yake. Kule chini boti ya asubuhi ilipiga honi, na Mithali akauliza ni saa ngapi.

Wiki akaeleza tena, polepole. Alisema shida kubwa si maneno, shida ni kwamba hakuna page zingine zinazotuonyesha na kidole. Page ya Munara, kuna radio moja inaitaja, kuna magazeti mawili, kila mutu anasema nendeni kule. Yetu iko peke yake sawa nyumba haina njia. Hiyo ilinigusa, sikatai. Nilimujua Kufuli tangu angali anaruka, na kumusikia anaitwa nyumba haina njia, nilitaka kupiga mutu.

Antenne — Njia iko. Sharti tufinye page na kidole toka inje.

Miye — Inje wapi?

Antenne — Ng'ambo. Tushuke bote pa muto Ruzizi, pa mupaka, tushike réseau, mutandao ya simu ya ng'ambo, tufinye page ya Kufuli. Internet itaona ni mutu wa inje anauliza. Mutu wa inje akiuliza kitu, banasimama! Wewe wa hapa ukiuliza, banakuambia rudi kesho.

Maman Marcelline — Utavuka na hii shida yote ya mupaka?

Antenne — Miye sivuki. Nasimama huku. Simu njo inavuka.

Wiki — Haifanyi kazi vile.

Antenne — Ulishajaribu?

Wiki — Hapana.

Antenne — Basi unajuaje? Ao tuchukue kwaya. Kwaya yote, simu ku kinywa, bataje jina yake wakati moja. Sopranos, altos, basses. Ile mashine itasikia, itasema: huyu lazima ni mukubwa.

Mithali — Debe tupu haliachi kuvuma.

Miye — Muzee, hiyo ni tusi!

Mithali — Kwani kwaya haivumi?

Nikasimama, nikaikaa, nikasimama tena. Nilibaambia: mutu wetu iko anakufa, na ninyi munaleta kwaya na mupaka! Nilibaambia simu zao bazitupe mu ziwa. Nilisema mengi. Antenne alingoja nimalize. Kisha akashusha sauti, na Antenne akishusha sauti ujue iko na kitu mbaya.

Antenne — Iko njia moja, na hiyo haijashindwaka.

Miye — Sema.

Antenne — Kifo.

Maman Marcelline akageuka, birika ku mukono.

Antenne — Munisikie kwanza. Mutu akiwa muzima, hata jirani hamutafuti. Akikufa, dunia yote inauliza: ni nani, alikuwa na miaka ngapi, picha yake iko wapi. Ile mwimbaji wa Kadutu, muzima hakuna mutu alimujua. Siku ya kufa, kabla ya mangaribi alikuwa ukurasa wa kwanza! Basi tuandike: Kufuli ametutoka. Habari itatembea, mutoto atasikia, atakuja mbio. Akifika anakuta papa yake anapumua. Anasaini. Atafurahi mara mbili.

Maman Marcelline akaweka birika chini kwa nguvu, kahawa ikaruka.

Maman Marcelline — Funga hiyo kinywa! Ulimi unaita mabaya! Mutu iko anatafuta pumzi kule, na wewe unamuchimbia kaburi hapa!

Antenne — Si ku internet tu, Maman?

Maman Marcelline — Kifo hakiulizi ni wapi ulikiitia!

Mithali — Kifo cha wengi ni harusi.

Miye — Kufuli ni moja, Muzee! Moja!

Mithali — Njo maana harusi itakuwa ndogo.

Wiki alikuwa amebadilika sura. Huyu kijana iko na mambo yake, lakini kwa ile wiki yake iko na heshima sawa padri na kalisi ya misa.

Wiki — Miye siandiki uongo mule. Kila kitu mule inataka ushahidi: nani aliona, lini, wapi. Nilishafukuzaka batu, ba Radi benyewe, juu baliongeza goli moja. Goli moja! Nikiandika hiyo leo, wiki yote inakufa.

Antenne — Ao Kufuli njo anakufa. Chagua.

Wiki — Usiniambie vile.

Antenne — Basi uko na njia ingine? Uko nayo? Itoe.

Wiki akatazama simu yake. Njia ingine hakukuwa. Tulikuwa tumeshapiga kwa paroisse, tumeshaenda ku radio mbili, baliimba jina yake asubuhi na jioni, na hakuna mutu alikuja. Jua lilikuwa limepanda juu ya kichwa. Nikaona tena sura ya docteur vile alitutazama viatu. Nikaungua, njo vile niliumbwa.

Miye — Andika.

Maman Marcelline — Papa Fusible!

Miye — Andika, Wiki! Jioni tutafuta. Tutaandika tulikosea, tutaomba musamaha, Kufuli mwenyewe akiamuka atacheka. Andika, tumalize!

Maman Marcelline — Miye sikuona. Munisikie vizuri, miye sikuona hii mambo.

Akageuka, akatupatia mugongo. Wiki akaandika na kidole kimoja, polepole. Akasoma sauti ya chini: «Kufuli, gardien mukubwa wa Radi, ametutoka asubuhi ya leo, Bukavu.»

Wiki — Nifinye?

Antenne akatazama Mithali. Mithali akanitazama miye.

Miye — Finya.

Kwa muda kidogo hakukutokea kitu, na nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Nikasema moyoni: imekataa. Kisha simu ya Wiki ikatetemeka juu ya mbao. Ikatetemeka tena. Ikaanza kutembea yenyewe sawa samaki ya sambaza mu kikapo.

Wiki — Mupenzi wa zamani wa Radi, iko Kalemie. Analia. Huyu iko Kampala. Huyu sijui wapi. Antenne, ile radio ya quartier, ya mutaa wetu, imeandika, na imeweka njia ya kuja ku page yetu!

Antenne — Si nilisema? Si nilisema?

Wiki — Ukurasa wa nne!

Miye — Mutoto ameandika?

Wiki — Bado. Ba Munara baliandika pole. Wa tatu!

Mithali — Haraka haraka haina baraka.

Hiyo ilikuwa mahali pake kabisa, lakini hakuna mutu alimusikia. Simu zikaanza kulia. Kwanza ya Wiki, kisha yangu, kisha ya Antenne. Kila mutu anataka kujua: matanga iko wapi, mazishi ni lini, mwili uko wapi. Antenne alikuwa anajibu: «Tutawajulisha.» Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya matanga kweli, mpaka nikamupiga kiwiko.

Kukaja namba hatuijui. Wiki akakata.

Miye — Ni nani?

Wiki — Ni pole ingine. Zinanimalizia batri, na batri iko kidogo.

Ile namba ikarudi. Akakata tena. Ikarudi. Akaweka simu kimya.

Halafu balikuja na viti. Sikuzania hiyo. Lakini kwetu, habari ya kifo ikitoka, quartier haingoji kuombwa. Vijana mbili balitelemuka na chukudu ya mbao ya kubeba mizigo, imejaa viti vya plastiki vya kukodisha, na bâche, turubai ya buluu, imekunjwa juu.

— Poleni ba papa. Tuviweke wapi? mumoja akauliza.

Miye — Murudishe!

— Tumetumwa na comité ya quartier. Balisema Kufuli hakuwa na nyumba kubwa, basi matanga itakuwa hapa pa mbao yake.

Balivipanga mistari minne, mpaka mbele ya kajumba kangu. Ba maman ba Muhumba bakaanza kufika, bamefunga kitenge ku kiuno, bakaikaa. Mumoja akatoa wimbo. Maman Marcelline alisimama katikati yao na kikombe tupu, machozi yanamutoka, anaambia kila mutu hapana, haiko vile, na beye banamukumbatia, banasema lia, dada, lia.

Wiki — Ukurasa wa kwanza.

Alisema polepole, lakini tulisikia.

Wiki — Yetu njo ya kwanza kabisa. Mbele ya kufuli za mulango. Mbele ya Munara.

Hakuna mutu alipiga makofi. Miaka yote Kufuli alitaka hiyo, na ikafika siku ile, na page ilikuwa inasema amekufa.

Antenne — Sasa atakuja. Muone. Atakuja tu.

Saa tisa ilikuwa imepita kidogo. Boti ya mchana ilikuwa imefika, batu banapanda mulima na mizigo yao. Mwanamuke mumoja akatoka mu ile foleni, wa miaka makumi tatu hivi, gunia ya vitunguu ku kichwa. Akaona viti, akaona ba maman banaimba, akatua gunia yake kwa heshima na akainama kidogo.

— Poleni kwa matanga, akasema. Ni nani ametutoka?

Antenne — Gardien wetu. Kufuli.

— Mungu amupokee. Sikumujua.

Akaikaa ku kiti cha nyuma, vile mugeni anafanyaka, hata kama marehemu hamujui. Akafuta jasho. Kisha akatuuliza, sauti ya chini, ili asikate wimbo:

— Samahani, ba papa. Najua si wakati yake. Natafuta mutu. Anaitwa Grégoire Lwaboshi.

Antenne — Grégoire Lwaboshi? Hapa? Hapana.

Mithali — Mugeni aje, mwenyeji apone. Lakini huyo hatumujui, mutoto yangu.

Miye — Maman, unaona vile tuko. Uulize kule juu pa soko.

Nilimujibu vibaya. Nilikuwa naangalia saa.

— Kule nilishauliza, akasema. Kila nikileta vitunguu Bukavu naulizaka pa batu bameikaa sawa hivi. Hata hapa niliulizaka mwaka jana. Huyu papa njo alinijibu.

Akaonyesha Antenne. Antenne akakunja uso, anatafuta mu kichwa.

— Na ku internet naandikaka hiyo jina kila mara, akaendelea. Hata asubuhi hii, mu boti. Grégoire Lwaboshi, Bukavu. Haileti kitu. Hata kamoja.

Wimbo ya ba maman ikaisha wakati ule ule. Maman Marcelline alikuwa amesogea karibu. Yeye njo aliuliza.

Maman Marcelline — Wewe unaitwa nani, mama?

— Tatiana. Natoka Minova.

Maman Marcelline — Na huyo Grégoire ni nani kwako?

— Ni papa. Alituachaka wakati ya vita, tukakimbia kila mutu njia yake. Mama alikuwa anasema tu kwamba alikuwaka gardien wa mupira.

Wiki akaangusha simu. Ikaanguka mu matope na hakuiokota pale pale.

Miaka yote hiyo tulikunywa kahawa na yule mutu. Penalti zake tulizijua zote, tulijua siku gani na upande gani aliruka, na Wiki aliziandika moja moja na ushahidi. Hakuna mumoja wetu aliulizaka mama yake alimuita nani. Ku karatasi ya hospitali tuliandikisha Kufuli na namba ya simu ya Wiki, na infirmière, nesi wa kule, alipouliza postnom, jina ya ukoo, Antenne alisema weka Kufuli tena. Nilisikia haya kubwa.

Tatiana akatutazama mumoja mumoja. Akatazama viti, bâche ya buluu, ba maman na vitenge ku kiuno. Akasimama polepole.

— Huyu wa matanga, akasema. Mulisema alikuwa gardien.

Antenne akasogea nyuma.

— Mulisema alikuwa gardien. Ni papa yangu?

Miye — Hapana! Ngoja. Ndiyo, lakini hapana, hajakufa!

— Hajakufa?

Wiki — Ni sisi tuliandika. Ni miye. Ni uongo, tuliandika ili upate kumuona. Iko hospitali, docteur anangoja mutu wa familia, kabla ya saa kumi. Tulikuwa tunakutafuta wewe.

Aliweka mukono ku kifua. Nikaona namna anajaribu kupanga ile maneno yote, na yanakataa kupangika.

— Basi iko muzima?

Nikafungua kinywa kusema ndiyo. Nikatazama Antenne, juu nilizania ni yeye alipita hospitali asubuhi. Antenne alikuwa anatazama Mithali. Mithali alikuwa anatazama Wiki, na Wiki alikuwa amepiga magoti mu matope, anafuta kioo ya simu na shati, na ile namba tusiyoijua ilikuwa ingali inaita bila sauti.

— Nabauliza, akasema Tatiana. Papa yangu iko muzima?

Tangu asubuhi hakuna mutu alikuwa amepanda hospitali. Sisi bote tulikuwa hapa.

Hakurudilia mara ya tatu. Aliacha vitunguu vyake ku kiti, akavua viatu akavishika ku mukono, akauliza tu hospitali iko wapi. Hiyo tulijua. Tulinyoosha mikono sisi bote, upande moja, na yeye alikuwa ameshaanza kukimbia.